Msoma Mita

Kila nyumba ina namba, nami nazisoma:
Kijitonyama, Mwananyamala, uchochoro kwa uchochoro,
nainama, nafunua kifuniko, nafuta tope kwa kidole,
naandika maji yaliyotumika. Sipambi.
Mwenye nyumba akiuliza jina nasema Chande, basi.
La mama silitaji.

Lakini Dar hii ina masikio.
Juzi mhasibu mmoja mstaafu alinikazia macho puani:
"Wewe si wa Bi Salha? Yule wa redioni, Jumapili usiku?"
Akasahau kulalamikia bili. Akafumba macho, akaghani:

*Godoro la mwanakwetu, juani limeanikwa,*

akaghani beti zote saba, mkono ukipima hewa,
na mkewe akatoka jikoni kuitikia kituo.
Mimi nimesimama na kalamu ya idara.
Sikumwambia godoro lilikuwa la nani.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amehamia Tabata,
kwa watu wengine, na kila alfajiri niliamka nimelowa.
Mama aliliegemeza ukutani, Magomeni, upande wa barabara.
Hakunigombeza. Alikaa kibarazani akihesabu kwa vidole.
Mwaka uliofuata nchi nzima ililijua lile doa
kuliko ramani.

Kidato cha tatu likaja kwenye mtihani:
*Godoro linaashiria nini? Alama kumi.*
Wenzangu waliandika taifa. Waliandika uhuru uliolowa.
Mmoja aliandika ukoloni mamboleo.
Mimi niliandika: godoro linaashiria godoro.
Lilikuwa na mistari ya buluu. Mtoto aliogopa choo cha nje.
Mwalimu Ndimbo akachora wino mwekundu:
*Hujalisoma shairi. Mbili.*

Mama alicheka hadi akajishika ubavu,
kisha akaniomba ile karatasi.
Sikumpa. Nilijua ingerudi na vina.

Sasa ana miaka themanini na moja, na wageni bado wanakuja
na kamera, na vitenge vya zawadi, wanamwita hazina.
Jana walimkuta kitandani, kakaa wima, kajifunika hadi kiunoni.
Hakuinuka kuwapokea. Wakausifu utulivu wake.
Mimi nilijua kwa nini hakuinuka.

Walipoondoka nilimbeba hadi kwenye kiti cha plastiki,
nikavua shuka. Jua la saa nane lilijaa uani, la bure,
na majirani walikuwa humo humo, wakichambua mchele.
Nikafunga mlango. Godoro nikaliegemeza kabatini,
feni nikaizungusha hadi mwisho. Umeme ulike, ukilika.

Kisha, sijui kwa nini, nikasema kwa sauti:

*Godoro la mama yangu, nimeliweka ndani.*

Vidole vyake vikaanza kugonga paja, kimoja kimoja,
vikasimama.
"Imepungua mizani moja," akasema.
"Najua, mama."
"Hutaiongeza?"

Nikachukua ndoo, nikakamua shuka.