Mstari Mmoja wa Sababu

Fomu imeniachia mstari mmoja,
mfupi, hautoshi hata jina la kijiji.
Sababu ya kifo?
Naandika: homa ya mapafu.
Kalamu inasita. Nandonde namjua.

Valeriani Nandonde wa Kitangari,
magunia mawili ya korosho, wasema si yake.
Dhamana ilikuwa wazi: wadhamini wawili, barua ya mtendaji.
Mtendaji alikuwa safarini. Halafu mgonjwa. Halafu kahamishwa.
Miezi kumi na minne anangoja kuambiwa kama ana kosa,
kalala ubavu, maana kulala chali kuna bei yake,
uso kisogoni mwa mtu anayekohoa.
Niliomba yule wa kikohozi atengwe.
Wakacheka, wala si kwa ubaya:
"Tabibu, tumtenge wapi? Juu ya bati?"

Kabla yake Chinguile. Huyu alikaa siku tatu.
Aliletwa Novemba, mabibo yameiva,
mwili umezoea uraka kama wenzake chai.
Siku ya kwanza alitetemeka.
Ya pili alizungumza na marehemu mama yake, kwa Kimakonde,
akimsihi afunge mlango.
Selo ikasema pepo. Mnyapara akasema anajifanya.
Mimi nilikuwa Ligula kufuata dawa, na dawa hazikuwapo.
Niliandika: degedege.
Sikuandika: hakuna aliyemuuliza unakunywa nini.

Na yule kijana. Simtaji, mama yake yu hai.
Usiku wake wa kwanza walimvua mkanda,
wakachomoa kamba za viatu,
wakaorodhesha vyote kwa mwandiko mzuri.
Shati walimwachia.

Siku hizi napima presha, kisha nauliza:
Jumapili anakuja nani?
Ambaye jina lake halijaitwa getini mwezi mzima
namtazama mara mbili.
Nauli ya kutoka Newala ni kuku wawili.
Kuku wakiisha, sukari hupanda,
kidonda cha mguu husahau kupona.
Chuoni hawakutufundisha hesabu ya kuku.

Mzee Likwembe alitoka salama.
Siku ya msamaha tulimpigia makofi,
nikamfungia dozi ya wiki mbili na karatasi ya zahanati ya kwao.
Siku ya kumi na tisa dereva wa karandinga,
huku anajaza tairi upepo, akaniambia:
"Yule mzee wako kazikwa."
Nyumba aliikuta ina mtu. Dawa ziliisha barazani kwa watu.
Kitabuni mwangu bado anaishi;
kitabu humhesabu anayefia ndani ya ukuta.
Nimemwandika ukurasa wa mwisho, kwa penseli.

Homa ya mapafu.
Si uongo. Ndivyo ilivyo kweli
kwamba aliyesukumwa kutoka mnazini
ameuawa na mchanga.
Sajini anagonga: gari linangoja saini.
Natia.

Jumanne mahakamani wakaita:
Valeriani Nandonde.
Wakaita tena.
Shahidi hakuja, mshtakiwa hayupo,
kesi ikaahirishwa
hadi tarehe kumi na nane.