Mjokofu

Tunu alizituma mbegu ndani ya bahasha,
kumi na moja, ndogo kama ufuta,
akaandika kwa ule mwandiko wake ulioinama:
Baba, huu ni mti wa bustanini tu,
haumzidi mtu sana kwa kimo.
Matunda yake mekundu, vishada vishada,
ndege wa huku huyagombania theluji ikianza.
Jina lake sikuweza kulitamka.
Kwetu hauna jina.

Chini akaongeza: mbegu haioti
mpaka iamini kipupwe kimepita.
Miezi minne. Baridi, unyevu, giza.

Nikacheka peke yangu karakanani.
Miaka thelathini na miwili Tabata nzima
inanijua kwa kazi moja,
kuirudisha baridi ilikotoroka.
Nimefufua friji za bucha, friji za baa,
friji ya zahanati usiku wa manane, chanjo zikingoja.
Sijawahi kuombwa baridi na mbegu.

Kopo la siagi, mchanga mbichi,
mfuniko nimeutoboa kwa msumari,
rafu ya chini, kati ya vibua na ndimu za Mwanahawa.
"Umezika nini humu?"
Sijazika, nikamwambia. Nimelaza.

Umeme ulikatika mara tisa.
Mara ya nne, siku mbili mfululizo,
nililivika kopo gazeti, nikalikimbiza kwa Shomvi muuza barafu,
likalala juu ya mabonge kama mgeni wa heshima.
Maana uongo ukishauanza usiukatize:
mbegu ikionja Februari ya hapa
itajua nimeidanganya.

Kwenye simu Tunu akanionyesha dirisha lake.
Saa tisa alasiri, nje giza limeshatanda,
na ndani ya sufuria bovu, chini ya taa ya zambarau,
mchicha.
"Naudanganya kwamba hili ni jua la Segerea," akasema.
Hatukucheka sana.

Zikaota mbili. Moja ikanyauka ndani ya wiki.
Iliyobaki ikatoa jani lenye meno kama kisu cha mkate,
kisha jingine, limechanika vipande saba, kama unyoya.
Kibwana, auzaye miche kule Mwenge, alikuja kuutazama,
mikono nyuma, kama atazamaye gari lililogongwa.
"Mzee Ligwa, panda mkomamanga.
Wekundu ni huo huo, na tunda linalika."
Kweli tupu. Nikaununua mkomamanga wake,
nikaupanda langoni, ukachanua
bila kuniuliza chochote.
Huu mwingine akaubatiza yeye: mjokofu.

Machi niliuhamishia ukuta wa nyuma,
pale kiyoyozi cha mpangaji kinapodondosha maji,
tone, kimya, tone.
Majani mawili yaliungua kingo. Sikuyakata.
Tunu akipiga huuliza, "Umefika wapi?"
nami huupima kwa mguu wangu mwenyewe:
kifundo, muundi, juzi goti.
Matunda sijaahidiwa.

Leo Julai, alfajiri,
Mwanahawa kajifunga khanga mbili, anapuliza vidole,
anasema kipupwe cha mwaka huu kina hasira.
Nimeubeba mti na ndoo yake
hadi katikati ya uwanja, kabla jua halijapanda ukuta,
nikasimama nao, miguu peku kwenye umande.

Hii ndiyo baridi yetu, nikauambia.
Usicheke.