Hodi ya Jumanne

Ulipiga hodi vizuri, hilo nakupa.
Mara tatu, kwa nafasi, kama mtoto aliyelelewa.
Shati limenyooka pasi, shingoni kadi yenye picha
ambayo macho yangu hayakuisoma
wala hukungoja yasome.

"Shikamoo, bibi."
Hapa Tororo, huku Agururu, nani husema shikamoo?
Hapo ndipo ningeshtuka. Mimi nikafurahi.
Tangu marehemu wangu aachane na reli, na reli naye,
sikuwa nimeamkiwa hivyo.

Ukafungua daftari. Pesa za wazee, ukasema,
waliotimiza themanini.
Nina sabini na sita. Ukaniongezea minne
kwa kalamu yako mwenyewe, bila malipo,
ukanishika dole gumba ukalichovya wino,
mkono wako baridi, laini, haujui jembe.

Kisha ukaomba maji.

Kutoka mlangoni hadi mtungini ni hatua kumi na moja.
Kwa goti hili, kwenda na kurudi,
mtu anaweza kupika chai.
Mwenzako hakupika. Alipita uani,
akakanyaga ufuta nilioanika mkekani,
akaacha kisigino kizima, wazi kama muhuri.
Aliondoka na simu yangu ya tochi
na mkebe wa majani ya chai
ambao haukuwa na majani ya chai.

Wewe maji uliyanywa yote. Ukashukuru.

Siku tatu sikusema.
Mjukuu wangu Obbo nilimwambia simu imetumbukia chooni.
Mliniibia mara moja;
mimi nikawafichia mara tatu.
Nilisugua dole kwa majivu, kwa limau, kwa jiwe,
wino ukakaa kwenye mikunjo
kama deni.

Ni Amoding, jirani wa ng'ambo ya ua, aliyeliona.
Hakuuliza. Alinusa ugoro wake, akapiga chafya,
akasema, "Yangu ilikuwa mwezi wa tatu.
Kuku wawili na cherehani."
Miaka ishirini tunakopeshana chumvi,
na hilo hakunikopesha!
Tukaenda kwa mwalimu Oketcho,
yule anayesahihisha hata salamu za msibani.
Alikohoa muda mrefu.
Naye alisoma namba za kitambulisho chake kwenye simu,
moja moja, kwa sauti ya darasani.
Kufika Ijumaa tulikuwa saba,
kila mmoja amejifungia na aibu yake,
na aibu ndiyo kufuli yenu nzuri kuliko zote.

Obbo alileta komeo, mnyororo, misumari mirefu.
"Bibi, usimfungulie mtu."
Komeo nimelipokea. Neno lake nimelirudisha.
Nyumba isiyoitikia hodi
ina tofauti gani na kaburi lenye bati?

Basi tumepanga yetu.
Mtungi umehamia barazani.
Kigoda kiko nje, mlango nyuma yangu umefungwa,
ufunguo ndani ya kilemba.
Amoding ana sufuria na mwiko;
akiniona nakunja uso, anapiga,
na saba tunatoka, wengine na mikongojo.

Jumatano alikuja binti wa vyandarua, kadi shingoni.
Nikamwambia, ngoja.
Nikatuma mtoto kwa mwenyekiti kuuliza.
Akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu,
akakung'uta changarawe, akavaa.
Akaniuliza ufuta mwaka huu umekubali?
Jua likamhamia begani, hakutazama saa.
Mtoto aliporudi na jibu, ndiyo, wametumwa,
nilimpa maji pale pale, akanywa nusu,
nusu akanawa uso.

Nawe ukirudi, kigoda kipo.
Maji yapo pia, sijaapa kumnyima mtu maji.
Utakaa. Utangoja.
Utaniambia mama yako anaitwa nani
na amezikwa wapi, au anaishi na nani,
na nani humpigia hodi
siku kama hii ya Jumanne
wewe ukiwa kwangu.