Maksai wa Kulia

Mchungaji alitupa majina mazito:
kaka Wilfredi, mimi Hebati,
kitinda mimba Edimundi, jina refu kuliko nepi.
Mama aliyatafuna, yakatoka
Wilu, Heba, Mundi.

Mwaka kaka alipopanda treni pale Usoke
baba alinunua maksai wawili,
na wa kulia akamwita Wilfredi.
Jina lote. Bila kutafuna.

Sasa mvua ikianguka tu, plau ardhini:
"Wilfredi, vuta! Wilfredi, usitoke mfuoni!"
Nami mbele, kamba mkononi, tope magotini.

Jioni mama humwongezea pumba yule wa kulia,
humkuna shingo pale nira ilipochubua,
haongei.

Wa kushoto hajapewa jina.
Hula haraka, husimama palepale nilipomwacha.