Waya wa Breki

Mvumi, mwaka ule uwele ulipokufa ukiwa na kimo cha goti,
walianza kusema baba amekutana naye.
Hawakumtaja. Walisema "naye", wakatema mate pembeni,
na mtoto aliyeuliza nani alipigwa kofi.

Maana Ndahani hakuwa mpigaji.
Alikuwa mchunga mbuzi wa shemeji yake,
zeze lake likilia kama mlango wa choo.
Kisha akapotea siku tatu, akarudi Jumatano,
na zeze likaongea.
Wanawake walikuwa wakitwanga; michi ikabaki juu.
Mama akasema: huyu siye aliyenioa.

Kilabuni, bakuli la kwanza la ujimbi lilinunua kisa kifupi:
njia panda ya Handali, usiku wa manane, mtu mrefu.
Bakuli la pili lilimwongezea kwato.
La tatu, suti, na kalamu mfukoni,
kama karani wa kodi aliyeshushwa na treni pasipo stesheni.
"Akaniuliza, Ndahani, unataka nini?
Nikasema, mvua.
Akatazama juu. Akatazama kwato zake.
Akasema, mvua si mali yangu, kamuulize mwenzangu.
Mimi nina nyuzi tu."
Watu walicheka, kisha wakanyamaza,
kwa sababu ilikuwa Februari na mbingu zilikuwa nyeupe.

Katekista Hezroni hakucheka.
Alipanda mimbarini na bandeji kwenye kiwiko,
akasema ipo nyumba hapa Mvumi imemkaribisha Ibilisi,
ikampa na kigoda.
Tulikuwa benchi la nne.
Shingo zote ziligeuka.
Tangu siku hiyo hatukukopeshwa hata chumvi.

Nilimwogopa baba, niseme ukweli.
Akilala, nilihesabu vidole vyake vya miguu:
kumi, kila usiku kumi,
na visigino vimepasuka kama shamba letu.

Alikufa kwa kifua. Kengele haikupigwa.
Zeze likaja nami mjini, Chang'ombe, chumba cha kupanga,
miaka kumi na tisa juu ya kabati, likila vumbi.
Juzi uzi mmoja ukakatika wenyewe, saa nane usiku, *tang*.
Sikulala. Asubuhi nikaupeleka kwa fundi baiskeli
nimwombe mwembamba kama huo.
Kijana akaugeuzageuza juani.
"Mama, huu ni waya wa breki. Umefumuliwa.
Wa zamani. Ona, una grisi bado."

Nikakaa juu ya tairi.

Hezroni. Kile kiwiko. Jumapili jioni,
mteremko wa korongoni, baiskeli ya misheni isiyosimama,
Biblia ikirukia huku, mwenyewe kule.
Na baba kichakani siku tatu, akifumua uzi mmoja mmoja kwa meno,
akisubiri kiwiko kipoe.

Sasa naelewa kwa nini hakukanusha.
Mwizi wa vyuma hupelekwa Isanga.
Rafiki wa shetani hununuliwa ujimbi.

Basi, ningeishia hapo, nicheke, nipike mlenda wangu.
Lakini nimefunga waya mpya, breki ileile, fundi yuleyule.
Nimepaka upinde utomvu kama alivyopaka.
Nimepiga.
Mlango wa choo.
Nimepiga tena, majirani wakafunga madirisha.
Waya si jibu, basi. Siku tatu si jibu.
Kuna kitu alikipata kule ambacho hakikutoka kwenye baiskeli,
na hakuna bakuli lililowahi kukinunua.

Hezroni yu hai, nasikia, macho yamekwenda.
Nimetia elfu tano kwenye bahasha.
Kalamu ninayo mkononi tangu adhuhuri.
Sijui niandike ni ya nini.