Upande wa Kulia

Daftari hili lilikuwa la korosho.
Kushoto mkono wa mama, penseli iliyolambwa:
gunia la kwanza, kilo themanini na mbili,
la pili, sabini na tisa,
makato ya chama, deni la salfa.
Kulia palikuwa peupe.
Nikaomba kulia.

Akaniuliza, huko utavuna nini?
Nikasema, dakika.

Ukurasa wa kwanza umejaa majigambo:
*Leo nimepaa. Newala nzima imeniona.*
Sikuandika umbali, sikuandika muda,
wala kwamba toka mnara wa simu
hadi kijiwe cha bodaboda nilitembea,
nikiinama kila mara
kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha fungwa.
Wiki ya tatu nilipotaka kujua kama nimesonga,
daftari likanikodolea macho
kama mdaiwa aliyesahau deni.

Basi nikaanza upya, kwa ubahili.
Tarehe. Njia. Muda,
kwa saa ya kaka Chilumba isiyo na mkanda,
naishika kiganjani kama yai.
Nimelala saa ngapi. Nimekula nini.
Goti la kushoto linasemaje.

*J3. Nyumbani, chini Kitangari, nyumbani.*
*Kushuka raha. Kupanda, nimemwita mama mara mbili.*
*J4. Kupumzika. Ndoo nne za maji, sijui kama ni kupumzika.*
*Alh. Mvua. Sikwenda.*
*Ningeweza kwenda.*

Maneno mawili hayo ya mwisho
niliyaandika asubuhi ya Ijumaa.
Usiku kucha kalamu ilikuwa imelala juu yake,
nzito kuliko kilima.

Mwezi wa saba namba zikavimba kama mabibo:
hamsini na moja, hamsini na tatu,
hamsini na sita na kichwa kinagonga.
Nikasema ni uvivu.
Nikajitukana pembezoni kwa wino mwekundu:
*Somoe, mwili wako umeoza.*
Nikaongeza mbio. Zikazidi kuvimba.

Mpaka usiku mmoja, taa ya sola ikififia,
jicho likateleza, likavuka mshono wa katikati,
likaangukia kushoto.
*Salfa, mikorosho ya juu.*
*Salfa, ya mpakani kwa Mzee Nantumbo.*
*Salfa tena, mvua imeosha.*
Tarehe kwa tarehe.
Kila siku ya unga wake
ilikuwa siku yangu ya kukosa pumzi.
Na nani aliyebeba mashine mgongoni alfajiri,
khanga puani, macho yakichuruzika,
kisha akavaa viatu akaenda kukimbia?

Miezi miwili nimemtafuta mwizi wa dakika zangu,
naye yumo kwenye daftari lilelile,
kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu.

Siku za salfa sasa naandika mapema: *Hapana mbio.*
Bila wino mwekundu.
Mwezi wa kumi nikashuka, nikapanda, arobaini na nane.
Mtwara mjini, mbio za mkoa, nikawa wa sita.
Nimeandika sita.
Nilitaka sana kuandika *karibu wa tano.*

Lakini tarehe zile sijaziacha.
Nimezirudia, kidole juu ya kila moja,
nikasikia nilichokuwa nakisikia kila usiku
nyuma ya ukuta wa udongo, nikidhani ni nyumba tu
inavyojipanga kulala.
Mama hukohoa siku hizohizo.
Hukohoa na kesho yake, na keshokutwa,
naye hana saa kiganjani,
hana ukurasa wa kupima kifua chake.

Nimepiga mstari mwembamba, wa tatu,
pale mshononi, ambapo karatasi huchanika.
Jana: *mara kumi na moja, hadi saa nane.*
Juzi: *sita.*

Ameona. Amelamba penseli, amesoma polepole,
akauliza, na hii je, inauzwa wapi?
Sijamjibu.
Leo nimeandika: *tisa.*
Kisha upande wangu: *goti zuri. Upepo.*
*Nimekwenda zahanati kuuliza, kwa miguu,*
*sikupima muda.*