Noti Nane za Juu

Kazi yangu ni kukaza nyuzi za piano.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikio
ambalo walimu wa muziki pale Kaunas walilikodi
kama watu wanavyokodi farasi.

Ndipo korodani ya kushoto ikawa ngumu
kama kokwa ya plamu. Nikanyamaza miezi mitatu.
Aibu ni mlinzi mbaya: hufunga mlango
mwizi akiwa ndani.

Wakakata. Kisha wakanitundikia platini,
mizunguko minne, chupa baada ya chupa,
na Daktari Vaitkienė, asiyejua kubembeleza, akasema:
"Hii itakuponya. Inaweza kula masikio."
Nikatia sahihi. Nani huuliza bei ya kamba
akiwa kisimani?

Nilipona. Nalisema polepole, maana shangazi Zita
hapendi kulisikia: nilipona kwa platini.
Lakini noti nane za juu ziliondoka nayo.
Nabonyeza, naona nyundo ikiruka,
nasikia ubao ukigonga ubao,
na pale palipokuwa na sauti amehamia nyenje
asiyelala usiku wala mchana.

Hapo mitungi ikaanza kuingia.
Mama alileta utomvu wa mibetula, ile miti ya gome jeupe,
uliochuruzika tone kwa tone mwezi wa Machi
ndani ya mitungi ya achari ya matango,
bado inanuka kitunguu saumu.
Jirani alileta gundi ya nyuki.
Shangazi alileta kuvu jeusi alilolibandua kwa shoka
ubavuni mwa mti huohuo, gumu, limepasuka kama mkaa.
"Chemsha," akasema. "Dawa ya moto ni moto."
Nikaligeuza kiganjani. Lilikuwa uvimbe.
Mti nao ulikuwa mgonjwa,
na sisi tumeuendea na shoka kuuomba dawa.

Nilikunywa, ndiyo. Usinicheke.
Hospitali ilinipa karatasi na tarehe ya kurudi,
ikanituma nyumbani na hofu isiyo na namba ya chumba.
Hakuna aliyeniambia mikono ifanye nini saa tisa usiku.
Kuchemsha ni kazi. Kuchuja ni kazi.
Ugnė aliamka akanikuta nachuja,
akashika kitambaa upande wa pili,
asiulize kama kinafaa kitu.

Donatas wa kitanda cha dirishani, fundi baiskeli, rika langu,
alitoroka baada ya mzunguko wa kwanza.
Mtu mmoja wa msitu wa Varėna alimuuzia matone,
euro mia tatu kichupa, akamwambia platini ni sumu.
Na ni sumu kweli. Uongo uliokomaa
hautoki nyumbani bila kuvaa ukweli kidogo.
Juni alinipigia simu, sauti nyepesi:
"Rafiki yangu, siku hizi nalala."
Oktoba tukamzika kwenye matope.
Mama yake alikuwa na vichupa viwili mkobani,
havijafunguliwa,
hajui amrudishie nani.

Tangu hapo nina sheria moja, imeandikwa kwa penseli
juu ya jokofu: kwanza damu, kisha chai.
Asubuhi ya kipimo nakwenda na njaa,
natoa mkono, nahesabu vigae vya ukuta.
Nikirudi, sufuria. Shangazi anaamini amenishinda.
Mwache.

Juzi niliitwa Alytus, piano kuukuu ya shule.
Nilipofika juu kabisa nikaita mtoto,
Liepa, miaka tisa, magoti yana vidonda.
Nikashika ufunguo, yeye akashika sikio.
"Bado," akasema. "Bado. Umepita. Rudi.
Sasa."
Akanitazama: "Wewe unasikia nini?"
"Mbao," nikamwambia.
Akafikiri kidogo, akabonyeza tena
kwa nguvu zake zote,
kama anavyosemeshwa babu.